Nyumba Huanzia Kwenye Matumizi ya Kila Siku

Familia nyingi zilizopanga Muthangari hutamani siku moja kulala katika nyumba yao wenyewe. Wanaojiepusha na riba hupata njia ya musharaka katika benki za Kiislamu zilizoanza nchini mwaka 2008: benki na mteja hununua nyumba kwa ubia, kisha mteja huinunua sehemu ya benki kidogo kidogo.

Hata hivyo, mbia naye huchunguzwa. Benki huitisha taarifa za akaunti, na mara nyingi za M-Pesa. Humo huonekana yote: Fuliza ya kila wiki, kamari ya kijana anayetumia simu ya babake, mkopo mdogo uliosahauliwa hadi ukafika CRB. Mshahara mkubwa hauyafichi hayo.

Basi miezi sita kabla ya kuomba, mume na mke waketi pamoja wazisome taarifa hizo wao kwanza. Walipe madeni madogo, wajiondoe Fuliza, na akiba itengwe kabla ya matumizi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.