Kesho Gani Mnayowaahidi?

"Watoto ni taifa la kesho." Kauli hii hutamkwa kwenye kila mahafali, mgeni rasmi hupigiwa makofi, wanafunzi wakarudi kukaa. Naipinga kwa nguvu zangu zote. Imekuwa njia ya heshima ya kumnyamazisha kijana wa miaka 15.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa umri huo kuolewa. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vilivyoruhusu hilo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Yaani binti tulimwona mkubwa wa kutosha kubeba mimba na kuendesha nyumba, lakini akiuliza fedha za maji za kijiji zimekwenda wapi, anaambiwa hayo ni mambo ya wakubwa!

Hata tunapoamua kumfundisha, tunamkaririsha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, tunamvalisha fulana, tunampiga picha. Huko ni kumpamba tu. Leah Namugerwa wa Uganda alianza kugoma kwenda shule ili kutetea tabianchi mwaka 2019, akiwa na miaka 14. Alipanda miti, ndiyo, lakini alidai pia jambo gumu zaidi. Nchi yake ilikuwa imeipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, kaveera, tangu 2009, na masoko bado yalikuwa yamejaa kaveera. Akataka sheria isimamiwe. Anayefika kwenye dai hilo ameanza kuelewa nchi inavyoendeshwa, na hakuna fulana itakayomfundisha hivyo.

"Asome kwanza," wazazi watasema. Nawaelewa. Kumsomesha mtoto ni jasho, na kuuliza maswali kwetu kuna gharama zake. Lakini mikopo nafuu ya Benki ya Dunia mara nyingi hulipwa kwa miaka 30 au zaidi, na mlipaji ni huyu huyu tunayemwambia asubiri. Deni ni lake. Hesabu nazo azione.

Walimu wa uraia, wapelekeni wanafunzi kwenye bomba lililokauka. Waulize wenyewe, kisha wamwandikie mtendaji wa kijiji: pampu iliharibika lini, kamati ya maji imekusanya kiasi gani, daftari analo nani? Na mtendaji awajibu kwa maandishi, muhula huo huo.