UCHAMBUZI: Rangi ya nano pekee haitaokoa chuma cha Pwani

KUTU haina haraka. Hula chuma polepole chini ya rangi inayong'aa, na mara nyingi hugunduliwa wakati gharama ya ukarabati imeshapanda.

Utafiti wa shirika la NACE uliotolewa mwaka wa 2016 ulikadiria kuwa hasara hiyo ilifikia dola trilioni 2.5 ulimwenguni mwaka wa 2013, yaani asilimia 3.4 ya pato la dunia. Si ajabu, basi, kwamba wanasayansi wameigeukia rangi yenyewe.

Polima kama vile epoksi, ijapokuwa hushikamana na chuma barabara, huwa na vitundu vidogo mno. Humo hupenya maji, oksijeni na chumvi. Hapo ndipo zinapohitajika chembechembe za nano za silika, oksidi ya zinki au udongo, ambazo hupimwa kwa sehemu ya milioni moja ya milimita. Huziba vitundu hivyo, na zile zilizo bapa huyalazimu maji kuzungukazunguka mithili ya mgeni aliyepotea katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa.

Hata hivyo, chembe hizi hupenda kugandana. Zisipotawanywa sawasawa, au zikizidi kiasi, huacha mianya mipya na rangi ikawa dhaifu kuliko ile ya kawaida. Neno 'nano' kwenye mkebe, kwa hivyo, si hakikisho la lolote.

Daraja la reli la Forth, Scotland, lililofunguliwa mwaka wa 1890, lilisifika kwa kazi ya kupaka rangi isiyokwisha. Kati ya 2002 na 2011 rangi kuukuu ilibanduliwa hadi chuma kikabaki kitupu, ndipo likapakwa epoksi yenye vipande bapa vya glasi, inayotarajiwa kudumu zaidi ya miaka 20. Vipande hivyo ni vikubwa kuliko nano, lakini kazi yao ni ile ile ya kuyazuilia maji njia. Bila usafishaji ule, epoksi hiyo ingepakwa juu ya kutu.

Kwa Pwani ya Kenya, ambako hewa ya chumvi hula mabati na feri, wanaotoa zabuni hawana budi kuuliza kwanza chuma kitasafishwa vipi, na rangi imejaribiwa wapi. Kibamba kilichonyunyiziwa maji ya chumvi maabarani kwa majuma kadhaa hakiwezi kutoa ushahidi kamili kuhusu feri inayokaa baharini miaka 20.