Sikio la kufa halisikii dawa? Hapana, dawa ndiyo haijafika sikioni

Ndugu wasikilizaji, wazazi mlio vijijini na ninyi familia mliokimbia vita, leo tunazungumza juu ya jambo ambalo hakuna anayelipigia kelele: masikio ya watoto. Kambini, shuleni, kanisani, kwenye mstari wa maji, unamkuta mtoto anatoka usaha sikioni, nzi wanamfuata, na watu wazima wanapita kana kwamba ni makamasi tu. Ukiuliza unajibiwa: "Ni meno yanaota." "Ni ya ukoo." "Itaisha akikua." Na isipoisha, methali iko tayari: sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa watoto wetu methali hiyo imekuwa kisingizio. Sikio la mtoto huyo halikukataa dawa. Mara nyingi halikupewa kabisa, au lilipewa mara moja na hakuna aliyerudi kuliangalia. Kosa liko hapo, na kosa hilo lina wenyewe.

Kwanza tuelewe ugonjwa. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na hewa hiyo inapita katika mfereji mwembamba unaotoka nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mfereji huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua yanapanda upesi. Usaha unajaa ndani, unasukuma ngoma, ngoma inapasuka, usaha unatoka nje. Moshi wa kuni, watu kulala wengi mahali pamoja, surua, chakula kidogo: vyote hivyo vinaupa ugonjwa nguvu. Sasa niambieni, katika hema la watu waliokimbia vita, ni kipi kati ya hivyo kinakosekana?

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Basi tuache kusema ni mapenzi ya Mungu kabla hatujafanya kazi yetu.

Na kazi yenyewe imekwisha kuandikwa. Katika mwongozo ambao waganga wetu wanauita PCIME, kila mtoto mgonjwa wa chini ya miaka 5 anayefika kituoni lazima mama yake aulizwe: mtoto ana shida ya sikio? Linauma? Linatoka usaha? Tangu siku ngapi? Halafu muganga anaangalia sikio na kugusa nyuma yake. Usaha wa chini ya siku 14 una matibabu yake: amoksisilini, na kukausha sikio. Usaha wa siku 14 na zaidi ni ugonjwa sugu: sikio linakaushwa mara tatu kwa siku, linatiwa matone ya antibiotiki kwa wiki mbili, na mtoto anarudi kuangaliwa baada ya siku 5. Kama nyuma ya sikio pamevimba na panauma, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha unaweza kuingia mfupani, ukafika hadi kwenye ubongo na kuua.

Hakuna mashine hapo. Ni swali, kidole, kitambaa safi, kichupa cha matone na tarehe ya kurudi. Kwa nini basi mtoto anatoka kituoni ametibiwa malaria, na sikio linavuja vile vile? Kwa sababu swali halikuulizwa. Au liliulizwa, matone hayakuwepo, mama akatumwa farmasia bila franga mfukoni. Au vyote vilikuwepo, lakini siku ya kurudi ilipofika familia ilikuwa imeshakimbilia mahali pengine.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikasirisha kuliko zote. Ugonjwa wa sikio unahesabiwa kwa siku na miezi, na vita imewanyang'anya watu wetu kalenda. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya, zilivunjwa. Familia zikatawanyika: wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaingia katika nyumba za ndugu. Sufuria zilibebwa kichwani. Fishi za watoto je? Nani alijua mtoto gani alikuwa katikati ya matibabu?

Chukueni mfano wa mrija wa sikio. Ni kitu kidogo, tundu lake milimita moja hivi, ambacho daktari bingwa wa masikio anakipachika katika ngoma ya sikio ili hewa iingie na maji yaliyokwama nyuma yake yatoke. Wanaosema Kifaransa wanauita yoyo au diabolo. Ni watoto wachache sana kwetu wanaoupata, maana mabingwa hao ni wachache na wako miji mikubwa. Lakini wapo, na baadhi yao wamekimbia nao sikioni. Mrija wa kawaida unakaa kati ya miezi 6 na 18, kisha ngoma inausukuma yenyewe na unaanguka. Ukipita miaka miwili au mitatu haujatoka, daktari lazima auangalie na kuamua kama autoe, kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo hatari ya kuacha tundu lisiloziba inavyoongezeka. Wakati mwingine umeshatoka kwenye ngoma, umekwama tu katika nta, na mzazi hawezi kujua bila mtu wa kumulika.

Kwa wenzetu wenye amani, mrija uliokawia ni simu moja kwa daktari. Kwa mama aliyehama mara tatu, ni siri anayoibeba peke yake. Anakumbuka aliambiwa utatoka wenyewe, lakini hakuna karatasi inayosema uliwekwa lini. Mama, kama mtoto wako ni mmoja wao, usiuchokoe kwa pini wala kijiti. Mwambie muganga yeyote unayemfikia: "Mwanangu ana mrija sikioni tangu mwaka fulani." Sikio likivuja usaha au damu, au mtoto akipunguza kusikia, usingoje.

Najua jibu la wakubwa: "Kuna risasi, kuna kipindupindu, kuna njaa, na wewe unatuletea masikio?" Ndiyo, nawaletea masikio. Mtoto asiyesikia kabla hajajua kusema, hata maneno yake yanapotea. Shuleni mwalimu anamwita mara tatu, haitikii, anapewa fimbo kwa kiburi. Katika Kiswahili chetu "hasikii" ni jina la mtoto mkaidi, na wangapi wameadhibiwa kwa sababu ya neno hilo, kumbe hawasikii kweli? Na usiku milio ya risasi inapoanza, mama anapoita "kimbia!", mtoto huyo ndiye anayebaki. Mwenye kusema masikio si jambo la wakati wa vita, hajafikiri vita inasikika kwa nini.

Kwa hiyo tuseme wazi kila mmoja anadaiwa nini.

Waganga wa vituo vya afya: swali la sikio liulizwe kwa kila mtoto, hata aliyeletwa kwa homa. Tarehe ya usaha kuanza iandikwe kwenye fishi, na fishi abaki nayo mama, si kabati.

Mashirika ya kiutu: mnahesabu mahema, mabomba na visahani vya sabuni. Wekeni matone ya siprofloksasini au ofloksasini katika masanduku yenu ya dawa, na mfundishe reko kuuliza juu ya masikio wanapopita nyumba kwa nyumba. Kliniki ya kuhamahama inayokuja mara moja na isirudi, kwa ugonjwa wa sikio, ni sawa na kutokuja.

Wenye madaraka, pande zote za mstari wa mapigano: mtoto hana upande. Aliyepewa barua ya kwenda hospitali kubwa apite kizuizi bila kulipa. Na chanjo zisikatike. Chanjo ya pneumokoki, ambayo Congo iliingiza mwaka 2011 na inatolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na ile ya surua, zinalinda masikio pia.

Walimu: kabla ya fimbo, simama nyuma ya mtoto umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mkalishe mbele, umwite mzazi wake.

Na sisi wazazi hatutoki mikono mitupu. Tuache kumimina sikioni mafuta ya kupikia, maji ya majani na maziwa ya mama. Tuache vijiti na unyoya wa kuku. Tusinunue matone yoyote kwa kuonyeshwa kidole dirishani: yenye gentamisini au neomisini yanaweza kuharibu usikivu wa ndani kama ngoma imetoboka. Kukausha ni hivi: kunja kitambaa safi kiwe kama utambi, ingiza taratibu, kiache kinyonye, kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mtoto asizamishe kichwa ziwani wala mtoni wakati sikio linavuja. Moto wa kuni uwake nje pale inapowezekana.

Kesho asubuhi, popote mlipo, fanyeni jambo moja. Angalieni masikio ya kila mtoto chini ya paa lenu, hata wa jirani aliyewapokea. Mkikuta usaha, hesabuni siku. Zikifika 14 ni ugonjwa sugu, lakini msingoje zifike: nendeni kituoni mkiwa na hesabu hiyo mdomoni. Mkiambiwa "rudi wiki ijayo, hakuna matone", ulizeni: yalikwisha lini, nani ameyaagiza, na yanafika siku gani? Ulizeni wengi, kwa heshima, kila wiki. Viongozi wetu wana masikio mazima, na wakiulizwa na watu wengi kila wiki hawatasema hawakusikia.