Wanawake wa Kariakoo waambiwe ukweli kuhusu saratani ya ovari

KUTOKA Kariakoo hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road hakufiki kilomita tano. Hata hivyo, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo anaweza kuishi na saratani ya ovari miezi kadhaa, leo akinunua dawa ya gesi, wiki ijayo ya U.T.I., bila yeyote kumtajia ugonjwa huo. Hali hii haivumiliki, na lawama si yake.

Dalili zake hazishtui: tumbo kujaa, kushiba kwa matonge machache, maumivu ya nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara. Mama lishe aliyeamka alfajiri kuwasha jiko huzihesabu kuwa uchovu. Akizieleza dirishani kwenye duka la dawa, hupewa vidonge vya kutafuna. Sketi ikianza kubana kiunoni huku mikono ikikonda, majirani humuuliza mimba ina miezi mingapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha. Alisema, hakusikilizwa.

Elimu nayo inatolewa nusu. Kampeni za kupima mlango wa kizazi ziendelee, maana saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Lakini kipimo kile hakioni ovari, na anayeambiwa yuko salama aelezwe ni salama ya nini. Mpaka sasa hakuna uchunguzi wa wasio na dalili uliothibitika kupunguza vifo vya saratani ya ovari. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000 ulitoa jibu hilo mwaka 2021. Kilichobaki ni kuzijua hatari na kuwahi hospitali.

Hatari hizo zinajulikana. Kadiri mayai yanavyopevuka mara nyingi maishani, ndivyo hatari inavyopanda. Ndiyo maana kuzaa na kunyonyesha huipunguza, ilhali kutozaa, kuvunja ungo mapema na kuchelewa kukoma hedhi huiongeza. Umri na unene uliopitiliza huongeza pia. Zito zaidi ni la ukoo: mwanamke ambaye mama au dada yake aliugua saratani ya ovari au ya titi amweleze daktari mapema. Na poda ya talki isipakwe sehemu za siri. Julai 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Uvumi kwamba vidonge vya majira huozesha kizazi ukomeshwe. Uchambuzi wa tafiti 45 uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2008 ulionyesha kuwa kila miaka mitano ya kuvitumia hupunguza hatari ya saratani ya ovari kwa takriban asilimia 20. Vinaongeza kidogo hatari ya saratani ya titi wakati wa matumizi, hivyo uamuzi ufanyike mbele ya mtaalamu, si barazani.

Historia ya uzazi isigeuzwe rungu. Wastani wa watoto kwa mwanamke nchini ulishuka kutoka 5.2 mwaka 2015/16 hadi 4.8 mwaka 2022, na mijini ni mdogo zaidi. Huo ni uamuzi wa wanawake wenyewe. Asitokee mtu wa kumwambia mwanamke azae ili ajikinge, wala wa kumsimanga mgonjwa kwamba hakuzaa.

Tunataka mambo matatu. Baraza la Famasi liwaagize wauza dawa wamuulize kila mwanamke mwenye tumbo kujaa limeanza lini, na likijirudia karibu kila siku kwa wiki tatu wamwelekeze hospitali badala ya kumuuzia pakiti nyingine. Halmashauri ya Jiji ipeleke elimu hii sokoni, mbele ya vizimba, saa za biashara. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imfikie machinga na mama lishe, ili kipimo cha utrasaundi kisishindanishwe na mtaji wa kesho.

Wanawake hawa ndio wanaolisha jiji hili. Kuendelea kuwauzia dawa ya gesi ilhali tunajua la kuwauliza ni uzembe, na wenye dhamana wawajibishwe kwa uzembe huo.