Usianze na Kadi ya Grafiki

Wasee, hii itauma wengine lakini acha niseme: kama mashine yako ni ya kitambo na pesa ni kidogo, usianze na kadi ya grafiki.

Mimi nilianza hapo. Nilijinyima miezi minne, nikachukua kadi kubwa pale Luthuli, Nairobi. Kufika nayo Olkaria, pawa saplai ya OptiPlex yangu haina hata waya wa kuiwasha. Hapa mvuke unazalisha stima ya Kenya tangu 1981, na mimi nimekosa wati!

Sasa najua mpangilio. Fungua kesi, toa vumbi. Hiyo ni bure. Weka SSD: haiongezi fremu sana, lakini kungoja kunaisha. Kama uko na kijiti kimoja tu cha RAM, kitafutie mwenzake. Kadi ije mwisho, na usome mahitaji yake kwanza. GTX 1650 inakula kama wati 75, na nyingi hazitaki waya wa ziada. Pima kesi pia. Zile nyembamba zinataka kadi ya kimo kifupi.

Yangu? Bado iko kwenye boksi. Kila nikiiona, naona ile miezi minne.