MKOROFI WA ANGANI NI MZIGO WA NANI?



Wako watu wanaodhani kuwa kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege ni kutabasamu na kugawa chai. Wenzetu wanaoifanya wajua sivyo. Abiria akilewa akaanza matusi, akimshika mhudumu mwilini, akivuta sigara chooni au akirusha ngumi, hakuna polisi wa kuitwa. Mwenye duka aweza kufunga mlango, na utingo wa basi aweza kumwambia dereva asimame. Aliye futi 35,000 juu ya bahari hana ila wenzake na rubani wake.

Wala si jambo la nadra. Chama cha makampuni ya ndege duniani, IATA, kilisema kwamba katika mwaka 2022 palitokea kisa kimoja cha namna hii katika kila safari 568. Huko Marekani, mwaka 2021, Serikali ilipokea taarifa karibu 6,000, na zaidi ya 4,000 zilitokana na ugomvi wa barakoa.

Lakini leo hatutaki kusema juu ya ngumi tu. Twataka kusema juu ya yanayofuata ndege ikishatua. Mara nyingi polisi huja, mkorofi huteremshwa, jina lake huandikwa, na baada ya saa chache huachiliwa akaenda zake. Mfanyakazi aliyepigwa akiuliza sababu, huambiwa kuwa sheria hairuhusu. Je, ni sheria gani hiyo?

Asili yake ni Mkataba wa Tokyo, uliotiwa sahihi tarehe 14 Septemba 1963 na kuanza kutumika mwaka 1969. Kenya nayo imo. Mkataba huu ulifanya mema. Ulimpa rubani mkuu uwezo wa kumfunga mkorofi, kumteremsha, na kumkabidhi kwa wakuu wa nchi anapotua. Tena uliwakinga rubani na wahudumu wasishitakiwe kwa hatua walizochukua kwa kufuata mkataba. Lakini katika habari ya nani atahukumu, uliiweka mbele nchi ile ndege ilikoandikishwa. Haukuzikataza nchi nyingine kutumia sheria zao, lakini haukuzilazimisha pia.

Basi tazameni matata yake. Ndege nyingi siku hizi ni za kukodi. Ndege yaweza kuandikishwa nchi moja, ikaendeshwa na kampuni ya nchi ya pili, ikatua nchi ya tatu, na abiria mkorofi akawa raia wa nchi ya nne. Polisi wa pale ilipotua husema kesi si yao. Wa pale ilipoandikishwa wako mbali, hawakuona kitu, wala hawana haja ya kusumbuka. Kesi hufa, na aliyepigwa hubaki na jeraha lake.

Uingereza iliziba pengo hili mapema kwa sheria yake ya mwaka 1996, ikazipa mahakama zake nguvu juu ya makosa yanayofanyika ndani ya ndege za kigeni zinazokuja kutua kwake. Kisha, tarehe 4 Aprili 2014, mataifa yakakubaliana huko Montreal juu ya nyongeza ya Mkataba wa Tokyo. Nyongeza hiyo yaipa uwezo wa kuhukumu nchi ambamo ndege inatua, na pia nchi ya kampuni inayoiendesha. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020, baada ya Nigeria kuwa nchi ya 22 kuikubali. Lakini mkataba hauifungi nchi ambayo haijaingia, na pengo bado liko wazi katika nchi nyingi.

Hatusemi kwamba abiria hana haki. Mwaka 2003 nchini Marekani, rubani wa Alaska Airlines aligeuza safari baada ya mabishano kati ya mhudumu na kikundi cha abiria Wamisri, akawateremsha Reno. Abiria wale walishitaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufani ikaamua kuwa kinga ya Tokyo hufanya kazi pale tu rubani alipokuwa na sababu za maana. Uamuzi huo ni funzo kwetu. Anayetaka kinga ya sheria sharti naye atende kwa haki, asimfunge mtu kwa chuki wala kwa hasira.

Sasa twageukia waajiri. Mahakama haihukumu bila shahidi, na shahidi ni mhudumu yule yule ambaye kesho yake amepangiwa safari nyingine. Akibaki kutoa ushahidi, je, siku hiyo atalipwa? Akiitwa kortini ng'ambo, nauli na chakula ni vya nani? Mkataba mzuri hauna faida ikiwa mfanyakazi anatakiwa kununua haki yake kwa mshahara wake. Tena, haifai kuuza pombe kwa mtu aliyekwisha lewa, kisha kumtuma msichana wa miaka 22 akamtulize.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila Serikali ambayo haijaingia katika nyongeza ya Montreal iingie. Pili, siku za ushahidi zihesabiwe kuwa siku za kazi, na jambo hili liandikwe katika mapatano yetu na waajiri. Tatu, asiadhibiwe mhudumu anayekataa kumwongezea pombe mlevi.

Nanyi, ndugu, msinyamaze. Ukipigwa, andika habari siku ile ile: saa, kiti, maneno yaliyosemwa na majina ya walioona. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja, maana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka apeleke taarifa kwa Serikali katika siku 7. Kisha leta nakala ofisini kwetu. Chama hakiwezi kupigania jambo ambalo halikuandikwa.