Vifupa vitatu vya sikio na mtoto asiyeitika

Ndugu Waislamu, mtoto anapozaliwa, miongoni mwa mambo ya mwanzo tunayomtendea ni kumwadhinia sikioni. Twafanya hivyo tukiamini kwamba sikio hilo lipo tayari kupokea. Kwa watoto walio wengi lipo tayari kweli, kwani kazi ya kuliumba ilianza miezi mingi kabla, gizani mwa tumbo la mama.

Nyuma ya kiwambo cha sikio mna vifupa vitatu vilivyoshikana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kupita yote mwilini, urefu wake milimita 3 hivi. Vifupa hivi hupokea mtikisiko wa sauti kutoka kwenye kiwambo na kuufikisha sikio la ndani. Mamalia, kuanzia popo hadi nyangumi, wanavyo vitatu. Ndege na mijusi wana kimoja tu.

La ajabu ni mahali vinapotoka. Kiinitete cha wiki 4 hivi huwa na mikunjo midogo ya nyama chini ya kichwa. Mkunjo wa kwanza ndio unaotoa taya la chini, na humo humo hutoka nyundo na fuawe. Kikuku, kwa sehemu kubwa, hutoka mkunjo wa pili. Mwanzo vyote huwa gegedu, laini mithili ya ncha ya pua, na nyundo huwa imeungana na gegedu la taya. Baadaye huachana. Mtoto wa kangaruu, ambaye huzaliwa kabla viungo vyake havijakamilika, hunyonya mfukoni mwa mama yake vifupa hivyo vikiwa bado vimeshikamana na taya. Kwa binadamu kazi hiyo hufanyika tumboni: kwenye wiki ya 16 hivi gegedu huanza kugeuka mfupa, na mtoto huzaliwa na vifupa vyenye ukubwa wa vile vya mtu mzima.

Wapo wanaopenda kuibebesha kila aya elimu ya maabara. Sisi hatuoni haja hiyo. Surat As-Sajda, aya ya 9, yataja kusikia kabla ya kuona, na yatukumbusha uchache wa shukrani zetu. Hilo latosha.

Shukrani hiyo ina kazi ndani yake. Kwa kuwa taya na vifupa vya sikio vina asili moja, mtoto aliyezaliwa na kidevu kidogo mno, au sikio la nje lisilokamilika, huenda akawa na kasoro ndani pia, mahali ambapo jicho la mzazi halifiki. Apelekwe kupimwa usikivu mapema, asingojewe hadi achelewe kusema. Mara nyingi kasoro za namna hii huliacha sikio la ndani likiwa zima, hivyo upasuaji, au kifaa cha kupitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa, huweza kumsaidia.

Linalotusikitisha zaidi ni yule aliyefika umri wa kwenda chuoni bila kupimwa. Mwalimu anamwita, haitiki. Sini na shini anazichanganya. Anachapwa kwa utukutu. Nyumbani anaambiwa ana jini, na fedha za kumpima zinaishia kwa mganga. Kabla ya fimbo kuinuliwa, na asimame mtu nyuma yake, amwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, apelekwe hospitali. Na hata akigeuka, mzazi mwenye shaka ampeleke tu, kwani anayesikia kwa sikio moja naye hugeuka.